Kujifunza Kazi Ukiwa Kazini: Chombo cha Mtumishi, Haki ya Mwananchi

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya wakuu wa idara, maofisa utumishi, maofisa wadhamini na watumishi wa ngazi mbalimbali. Yanachapishwa katika ukurasa huu kwa faida ya watumishi wote wa Serikali na wananchi kwa jumla.)

Waheshimiwa Wakuu wa Idara,
Ndugu Maofisa Wadhamini kutoka Pemba,
Ndugu Maofisa Utumishi,
Ndugu Watumishi wenzangu,



Nimetakiwa nieleze namna ambavyo vyombo vya kisasa, yaani kompyuta, simu za mkononi na mitandao, vinavyoweza kumsaidia mtumishi kujifunza kazi yake huku akiendelea kuifanya. Ni mada yenye maneno mengi ya kitaalamu. Kwa ruhusa yenu, nitaianza kwa jambo lililonifika mimi mwenyewe, kwani naamini wengi wenu mtalitambua.

Nilipokuwa karani kijana niliwekwa kwenye dirisha la kupokea wananchi katika ofisi moja ambayo sina haja ya kuitaja. Nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya wiki mbili, na shahada yangu nimeitundika ukutani. Siku moja alikuja bibi mmoja, mkaazi wa kisiwa kidogo, ambaye alilazimika kuvuka kwa ngalawa kisha kupanda gari hadi mjini. Alikuja kufuatilia mafao ya marehemu mumewe. Nilimsikiliza kwa adabu, nikamwambia alete barua ya Sheha. Akaenda, akarudi nayo baada ya wiki. Nilipoitazama barua ile, nikakumbuka kwamba tulifundishwa kuhusu karatasi nyengine, nikamwambia: "Bibi, bado kuna karatasi moja." Akaniangalia kwa muda, akasema: "Mwanangu, mbona hukuniambia mara moja?" Sikuwa na jawabu. Alivuka tena. Alipokuja mara ya tatu, mzee wetu wa masjala alikuwa amerejea kutoka likizo. Alilichukua jalada, akalitazama kwa muda usiozidi dakika mbili, akasema kwamba karatasi ile ya pili haikuhitajika kabisa katika shauri la namna yake.

Ndugu zangu, bibi yule hakudhulumiwa na mtu mbaya, wala hakukutana na mtumishi mvivu. Alikutana na mtumishi aliyefundishwa, akasahau, na asiwe na pahala pa kutazama wala mtu wa kumuuliza kwa saa ile. Gharama ya kusahau kwangu aliilipa yeye, kwa nauli yake na kwa siku zake. Hilo ndilo jambo lililo mbele yetu leo. Tunapozungumzia elimu ya watumishi, tunazungumzia safari za wananchi wa Tumbatu, Kojani, Uzi, Fundo na Kisiwa Panza.

Kwa nini mtumishi aliyefundishwa husahau

Kusahau si kosa la tabia. Mwaka 1885 mtaalamu wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa miaka kadhaa. Alihifadhi orodha za silabi zisizo na maana, kisha akapima ni kiasi gani alichobakiwa nacho baada ya dakika, saa na siku. Aligundua kwamba sehemu kubwa ya kilichohifadhiwa huondoka mapema mno, na kinachobaki huendelea kupungua pole pole. Aligundua vile vile kwamba kurejea jambo kwa vipindi, badala ya kulihifadhi lote kwa mkupuo mmoja, hulifanya likae zaidi.

Sasa tuangalie mafunzo yetu yanavyopangwa. Mtumishi hupelekwa semina ya wiki moja au mbili, akafundishwa mambo mengi kwa mpigo, akarejea ofisini. Jambo alilofundishwa siku ya Jumanne huenda asilihitaji hadi miezi minne ipite. Siku hiyo ikifika, mwananchi yuko mbele yake, nyuma yake kuna wengine kumi, na vitabu vya semina vimo kabatini nyumbani. Kwa mantiki hiyo, mafunzo yametolewa wakati hayahitajiki, na yanapohitajika hayapo.

Sisemi kwamba semina hazina faida. Nasema kwamba semina peke yake haitoshi, na kwamba pengo lililopo baina ya darasa na dirisha lazima lizibwe na kitu.

Fikra ya kuweka elimu ndani ya kazi yenyewe

Mwaka 1991 mtaalamu wa Marekani, Gloria Gery, alichapisha kitabu kuhusu mifumo ya kompyuta inayomsaidia mfanyakazi wakati anapotenda. Fikra yake kuu ilikuwa nyepesi kueleweka. Badala ya kumfundisha mtu kila kitu kabla hajaanza, mjengee chombo kitakachompa maelezo, mfano au ushauri anaouhitaji, kwa kiasi anachokihitaji, pale pale anapoukuta ugumu. Mtu hufanya kazi sawasawa tangu siku za mwanzo, na kwa kuirudia kazi hiyo kwa usahihi ndipo anapojifunza.

Fikra hiyo ina mizizi ya zamani kuliko kompyuta. Tarehe 30 Oktoba, 1935, huko Ohio, Marekani, ndege mpya ya Boeing iliyoitwa Model 299 ilianguka mara tu baada ya kuruka, na rubani wake akapoteza maisha. Rubani huyo alikuwa bingwa wa kazi yake. Uchunguzi ulionyesha kwamba kifungio cha mabawa ya kuongozea hakikufunguliwa kabla ya safari. Ndege ile ilikuwa na mambo mengi ya kukumbuka kuliko ndege zilizotangulia. Marubani waliobaki hawakupelekwa semina ndefu zaidi. Walitengeneza orodha fupi ya mambo ya kuhakikisha kabla ya kuruka na kabla ya kutua, na ndege hiyo ikaendelea kutumika kwa miaka mingi.

Mfano wa karibu zaidi ni wa hospitali. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikishwa katika chumba cha upasuaji: kabla ya mgonjwa kupewa dawa ya usingizi, kabla ya kukatwa, na kabla ya kutoka chumbani. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane duniani, na moja kati ya hizo ni ya Ifakara, hapa hapa Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha kwamba vifo baada ya upasuaji vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi asilimia 7. Madaktari na wauguzi walikuwa wale wale. Kilichoongezeka ni karatasi moja, na tabia ya kuisoma kwa sauti mbele ya wenzao.

Mifano ya visiwani kwetu

Ndugu zangu, hatuna haja ya kudhani kwamba haya ni mambo ya wenzetu tu. Visiwa vyetu vina historia yake katika jambo hili, na inafaa tujivunie.

Mwaka 2008, katika jitihada za kupambana na malaria, vituo vya afya vya Zanzibar vilianza kutumia simu za mkononi kutuma kila wiki hesabu za wagonjwa waliopimwa na waliokutwa na vimelea. Kuanzia 2012 mfumo huo uliongezewa programu iliyopewa jina la Coconut. Mgonjwa akigunduliwa kituoni, ofisa wa malaria wa wilaya hupata taarifa. Akishika chombo chake, programu humwongoza hatua kwa hatua: aende kituoni athibitishe, kisha aende nyumbani kwa mgonjwa, aulize maswali yaliyopangwa, awapime wanaoishi naye, na aandike mahali nyumba ilipo. Jawabu moja hufungua swali linalofuata, na swali lisilohusika halitokei. Ofisa mpya akifuata njia hiyo mara ishirini, huwa ameijua kazi, wala hakukaa darasani kwa muda mrefu.

Hali kadhalika, mpango wa Jamii ni Afya, uliofika wilaya zote 11 za Unguja na Pemba, uliwapa simu wahudumu wa afya wa kujitolea zaidi ya 2,000. Mhudumu akiwa nyumbani kwa mama mjamzito au mtoto mchanga, simu humkumbusha la kuuliza, humwonyesha dalili za hatari, na humwambia ni lini mgonjwa apelekwe kituoni. Wahudumu hao ni majirani zetu, na wengi wao hawakusomea uganga. Kama chombo cha namna hiyo kimeweza kutumika barazani kwa mama mjamzito, hakuna sababu kisiweze kutumika katika masjala, dirisha la malipo au ofisi ya ardhi.

Ujuzi ulio vichwani mwa watu

Hata hivyo, naomba tusidhani kwamba ujuzi wote umo katika kanuni na miongozo. Katika miaka ya themanini mtafiti mmoja, Julian Orr, aliwafuata mafundi wa mashine za kutolea nakala wa kampuni ya Xerox. Kampuni iliwapa mafundi vitabu vinene vya maelekezo. Orr aliona kwamba mafundi wakikwama hukusanyika, wakanywa kahawa na kusimuliana: mashine ile ilinifanyia hivi, nikajaribu hivi, ikakubali. Elimu yao ya kweli ilikuwa katika masimulizi hayo. Aliyaeleza hayo katika kitabu alichokitoa mwaka 1996.

Baadaye kampuni iliwatengenezea mafundi mfumo wa kompyuta ulioitwa Eureka, ambamo fundi aliyegundua jambo huliandika, mafundi wenzake wakalipima kama ni kweli, kisha likapatikana kwa wote. Walipofikiriwa kulipwa fedha kwa kila walichoandika, mafundi walioshiriki kuujenga mfumo huo hawakukubali, wakihofu kwamba watu watakimbilia wingi na kuacha ubora. Walichotaka ni kwamba kila ushauri ubaki na jina la aliyeutoa. Heshima mbele ya wenzao iliwatosha.

Sisi watu wa visiwani hatuhitaji kufundishwa maana ya baraza ya kahawa. Tunajua kwamba mambo mengi ya ofisi hufahamika barazani kuliko katika waraka. Tatizo letu ni kwamba mzee akistaafu, huondoka na baraza yake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ujuzi nao ni mali. Mzee wetu wa masjala, yule aliyelitatua shauri la bibi kwa dakika mbili, alikuwa na daftari lake dogo lenye jalada jeusi. Ndani yake aliandika kila shauri gumu na namna lilivyomalizika. Alipostaafu, alikwenda nalo nyumbani, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuomba alitoe nakala. Naliona hilo hadi leo kuwa ni hasara ya Serikali, na lawama ni yetu tuliobaki.

Mambo ya kujihadhari nayo

Waheshimiwa, nisingependa mwondoke hapa mkidhani kwamba kununua kompyuta ni kumaliza kazi. Nina tahadhari sita.

Kwanza, chombo hakichukui nafasi ya mwalimu. Mtumishi lazima afahamu msingi wa kazi yake na sheria inayoiongoza. Asiyeujua msingi hata swali la kuuliza halijui, na shauri lisilolingana na orodha likija, atakwama au atamkwamisha mwananchi. Vyuo vyetu, kikiwemo Chuo cha Utawala wa Umma kilichoanzishwa mwaka 2007, bado vina kazi yake. Darasa litoe ufahamu, na chombo kibebe yale yanayosahaulika.

Pili, chombo kisigeuzwe mtego. Mfumo wa kompyuta unaweza kuonyesha ni nani aliyeuliza, aliuliza nini na mara ngapi. Mkuu akizitumia habari hizo kumkemea mtumishi kwamba hajui kazi, kuanzia siku hiyo hakuna atakayeuliza, na wananchi watarejea kupewa majibu ya kubahatisha. Kuuliza si ujinga. Jambo moja likiulizwa na wengi, aulizwe aliyeandika mwongozo kwa nini haufahamiki.

Tatu, maelezo yaliyopitwa na wakati ni hatari kuliko kutokuwa na maelezo. Kila ukurasa uwe na tarehe uliyohakikiwa na cheo cha ofisa mwenye dhamana nao. Ada ikibadilika au fomu ikifutwa, ukurasa ubadilishwe siku hiyo hiyo.

Nne, tukumbuke hali yetu ya umeme na mtandao. Wakaazi wa Unguja hawajasahau kwamba kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kilikaa takriban miezi mitatu bila ya umeme kutoka Tanzania Bara, kutokana na hitilafu. Kwa hivyo maelezo yaliyomo katika kompyuta au simu yaweze kusomwa hata mtandao ukikatika, na nakala ya karatasi iwepo dirishani. Mwananchi aliyevuka bahari asiambiwe kwamba "mfumo umelala".

Tano, siri ya mwananchi ni amana. Watumishi wengi hutumia makundi ya simu kuulizana mambo ya kazi. Kuulizana ni kuzuri, lakini si halali kupiga picha jalada la mtu, lenye jina lake, maradhi yake au mirathi yake, na kuirusha katika kundi. Uliza jambo, usimtaje mtu.

Sita, maelezo yaandikwe kwa Kiswahili sanifu na chepesi. Mtumishi akilazimika kufasiri mwongozo kichwani huku mwananchi akimsubiri, atafasiri visivyo.

Tuanzie wapi

Sipendekezi mradi mkubwa wala bajeti mpya. Napendekeza kila ofisi inayopokea wananchi ianze kwa hatua hizi.

1. Kwa muda wa mwezi mmoja, mtumishi wa dirishani aandike kila swali lililomfanya asimame kumuuliza mwenziwe, na kila sababu iliyomfanya mwananchi arudishwe.

2. Mwisho wa mwezi, ofisi ichague maswali kumi yanayojirudia zaidi. Kwa kila swali uandikwe ukurasa mmoja, usiozidi huo: nini kinahitajika, nini hakihitajiki, hatua zifuatane vipi, na nani aulizwe ikiwa shauri si la kawaida. Sehemu ya "nini hakihitajiki" isiachwe, kwani ndiyo iliyomvusha bibi yule mara ya tatu.

3. Ukurasa ujaribiwe kwa mtumishi mpya kabisa. Akishindwa kuufuata, kosa ni la ukurasa, nao uandikwe upya.

4. Ndipo uingizwe katika kompyuta ya ofisi na katika simu, pamoja na nakala ya karatasi, ukiwa na tarehe na jina la aliyeuandika.

5. Mtumishi anayekaribia kustaafu apangiwe saa maalumu kila wiki za kukaa na kijana mmoja, kijana aandike na mzee asahihishe. Saa hizo zihesabiwe kuwa ni kazi, wala si hisani.

6. Kila asubuhi ya siku moja katika wiki, kabla ya dirisha kufunguliwa, watumishi watumie robo saa kulirejea shauri moja gumu la wiki iliyopita. Kama nilivyoeleza, kurejea kwa vipindi hukaa zaidi kuliko kuhifadhi kwa mkupuo.

Kwa wakuu wa idara naomba nisisitize. Mtumishi anayesoma ukurasa wa mwongozo wakati wa kazi haibi saa za Serikali. Tumezoea kumwona aliyeinamia faili kuwa anafanya kazi, na aliyesita kutazama maelezo kuwa anapoteza muda. Mimi nilikuwa mwepesi sana dirishani siku ile, na wepesi wangu ulimgharimu mtu safari mbili.

Na kwenu wananchi mtakaosoma maelezo haya, mna sehemu yenu. Karani akikuomba umsubiri dakika tano atazame mwongozo, msubirie, kwani dakika hizo zinaweza kukuokolea siku nzima. Na ukitakiwa ulete karatasi nyengine, una haki ya kuomba uonyeshwe ilipoandikwa kwamba inahitajika. Swali hilo likiulizwa kwa upole, litamsaidia mtumishi kama litakavyokusaidia wewe.

Namalizia kwa kumkumbuka bibi yule. Mafao yake aliyapata. Siku ya mwisho aliniaga vizuri, akaniombea heri, wala hakunilaumu. Ningeona nafuu zaidi kama angenilaumu. Tangu siku ile nimekuwa na daftari langu, na sasa yaliyomo yamo pia katika kompyuta ya ofisi, kwa jina langu, mtu yeyote ayasome na ayasahihishe. Nawaomba nanyi kila mmoja aanze lake kabla ya mwezi huu kumalizika.